Aliyetumia Jina la Mama Neema

Mwanangu, unayeanza kazi hii ya kufunga mitandao, kaa nikusimulie. Nakumbuka siku moja kule Chanika, mie bado kijana, hodari wa kupanda mapaa na mwepesi wa maneno. Nilikuwa fundi wa kampuni ndogo ya intaneti Temeke, chini ya Mzee Gulamali, Mhindi mzaliwa wa hapahapa Dar, ambaye Kiswahili chake kilinishinda mie niliyetoka Njombe.

Mteja wetu alikuwa Mama Neema, mwalimu mstaafu. Kila jioni intaneti yake ilikatika, ikarudi, ikakatika tena. Na jioni ndipo alipokuwa akiongea kwa kompyuta na binti yake Neema, aliyelazwa Iringa kwa ujauzito uliokuwa ukimsumbua.

"Jana tumekatika akiwa analia," aliniambia. "Hata sijajua alitaka kuniambia nini."

Nilipanda juu ya bati, nikalielekeza upya dishi, nikabadilisha waya. Mawimbi yalikuwa mazuri. Nikaondoka kifua mbele. Jioni ikakatika vilevile.

Kesho yake nikarudi na Mzee Gulamali. Yeye hakupanda popote. Alikaa sebuleni, akanywa chai aliyokaribishwa, akafungua kompyuta yake kuangalia mtambo wetu wa mnarani.

Hapa, mwanangu, nisikilize vizuri, maana wengi hupotea hapa. Mawimbi kufika si kuunganishwa. Kile kifaa cha juu ya paa kinabeba tu. Ruta, kile kisanduku cha ndani kinachogawa intaneti, ndiyo inayoanza kwa kuuliza, kupitia waya na hewani hadi mnarani: nani anatoa huduma hapa? Mtambo unajibu kwamba upo. Ruta inaomba nafasi, inapewa namba ya kikao, yaani ya muunganisho huo, kisha inataja jina na nywila ya mteja. Vikikubaliwa, inafunguliwa njia yake peke yake, ijapokuwa hewa ni hiyohiyo ya majirani wote. Kisha mtambo huuliza mara kwa mara, bado upo? Usipojibiwa, unaifunga njia. Na sie tuliruhusu kila jina njia moja tu.

Sasa kumbukumbu za mtambo zilionyesha kwamba jina la Mama Neema lilikuwa linatumiwa na ruta mbili. Moja ikiingia, nyingine inatolewa. Iliyotolewa inaomba upya, nayo inaitoa mwenzake. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Nikakumbuka dishi la mtumba nililoliona mtaa wa pili, juu ya chumba alichopanga Baraka, mwanawe Mama Neema, aliyekuwa akirudi kutoka kazini jioni na kuwasha ruta yake.

Nikafungua mdomo. "Mama, unaibiwa na..."

Mzee Gulamali akanishika mkono. "Tulia." Kisha akamgeukia mama kwa upole. "Mama, kuna mtu mwingine anaingia kwa jina lako. Unamfahamu?"

"Si Baraka? Mie ndiye niliyempa. Nilidhani ni kama ufunguo, ukichonga wa pili mnafungua wote." Akaitazama kompyuta yake. "Kumbe ndio tunamkatia dada yake?"

Mzee hakumcheka. Alimweleza taratibu, akamtengenezea Baraka jina lake mwenyewe la kuingilia, na nywila ya mama akaibadilisha. Jioni ile, tukiwa bado tunakunja nyaya, Neema akatokea kwenye kompyuta. Mama yake akavuta kiti karibu. "Haya, mwanangu, ile ya juzi ianze upya. Ulikuwa unaniambia nini?" Tukatoka nje tukawaacha.

Njiani Mzee aliniambia neno ambalo halijanitoka. "Mtambo umekuonyesha jina limeingia mara mbili. Haukukuonyesha wizi. Wizi umeuongeza wewe."

Basi, mwanangu, shika haya. Kabla hujagusa dishi la mtu, angalia kwanza kama kikao kimefunguka na nani yumo. Mfundishe mteja kwamba jina la kuingilia ni la njia moja, asiligawe hata kwa damu yake. Na ukikuta jambo ndani ya nyumba ya watu, uliza kabla ya kutamka, maana maji yakimwagika hayazoleki. Unaweza kurekebisha ruta kwa dakika chache, lakini mama na mwanawe ukishawagombanisha, hakuna fundi wa kuitwa kuwapatanisha.

Mungu akujalie mikono mitulivu na ulimi mpole, na kila mlango utakaoingia na vifaa vyako, uagwe kwa heri.