Majivu kwenye Saksafoni

Juzi, harusini, niliona maandishi ya Kijerumani kwenye mdomo mpana wa saksafoni ya bendi, nikasikia tena harufu ya majivu.

Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa amekwenda Dar es Salaam kufanya kazi kwa Mwingereza, akaiacha saksafoni yake ukutani kwetu, Tabora. Kila Jumamosi, mama akiwa sokoni, niliisugua kwa majivu na mchanga kama tulivyosugua masufuria, ili baba aikute inang'aa.

Alasiri moja alikuja mpiga bendi wa Kigoma. Alibonyeza vitufe vyote, tak, tak, akaipima uzito mkononi, akaigeuzageuza juani.

"Uzito ni wa saksafoni ya Mjerumani, mama. Alama ya kiwanda iko wapi?"

"Ilikuwa hapo," mama alisema, akanitazama mikono.

"Bila alama, wenzangu hawatakubali niinunue."

Alipoondoka, mama alikaa kizingitini akilia kimyakimya. Nilidhani ni furaha, kwa kuwa saksafoni ya baba imebaki. Sikujua kwamba ndiyo ingekuwa nauli yetu ya kumfuata baba Dar.

Jioni treni ya Dar ilipiga honi, ikaondoka. Jumamosi iliyofuata niliisugua tena.