Shikamoo Moja kwa Wiki

Juzi, kwenye duka la pembejeo pale Gongoni, mzee mmoja kutoka Puge aliweka simu yake ya kitochi juu ya kaunta kwa mikono miwili.

"Binti, mwambieni kijana wenu apunguze shikamoo. Mwanangu yuko hospitali ya Kitete, anakaribia kujifungua. Akinipigia jioni, simu imeshaisha chaji."

Muuzaji alisoma jumbe zilizojaa kwenye simu, akaziba mdomo asicheke. Matangazo ya duka hutumwa na kompyuta, na kila moja huanza na shikamoo. Mzee akijibu "marahaba", kompyuta hudhani anataka mbolea, inamtumia jingine.

"Si ungeacha tu kujibu, babu?"

"Nimnyime mtu marahaba?"

Muuzaji akaigeukia kompyuta, akaweka kikomo: ujumbe mmoja kwa wiki, hata mteja akijibu.

"Sasa atakuamkia Jumatatu tu, babu."

"Asije akadhani nimemkasirikia."

"Nitamwambia."

Tumeifundisha mashine kuamkia watu, tukasahau kuifundisha kutosheka na jibu.

Mzee alikuwa mlangoni simu ilipoita. Aliitazama kwa mashaka, akaipeleka sikioni.

"Marahaba, mama," alisema. "Wa kike au wa kiume?"