Kiazi cha Kumrushia Tai

Mke wangu anachemsha viazi na maganda yake, na harufu hiyo imeniudhi tena.

Baba alibeba viazi kama hivyo siku aliponipeleka kuzunguka ziwa kwa boti ya bei nafuu. Wenzetu walinunua samaki wa kumrushia tai aliyetua kwenye mti wa ufukweni, ili ashuke kuwanyakua. Baba, bila aibu yoyote, alipiga mbinja akarusha kiazi. Tai hakutikisika mtini.

"Mzee, tai hali waru!" mwendesha boti alisema, na abiria wote wakacheka.

Mama mmoja akaniuliza, "Huyo ni babako?"

"Simjui," nilijibu kwa sauti.

Tulipofika kisiwani, baba alimenya kiazi, akakipuliza vumbi, akaninyooshea.

"Shika, mtoto wa watu. Usikae njaa."

Nilikila bila kumtazama.

Sasa mke wangu ananiita mezani. Nimemwambia sina njaa.