Zambarau ya Mama Mkubwa

Ilianza Jumanne, saa kumi na nusu jioni, na saa naiandika kwa makusudi, kwa sababu nikikumbuka kwamba saa kumi na dakika ishirini nilikuwa bado mtu mwenye heshima zake, roho inaniuma. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba yetu hapa Igogo (nyumba imeegemea mwamba, kwa hiyo jiwe ndiyo sebule yetu ya pili), kompyuta mapajani, nikafanya uamuzi mdogo sana ambao Jumamosi yake ulinisimamisha mbele ya ukumbi mzima. Naona aibu mpaka leo. Na nisiwe mnafiki, najivunia pia mpaka leo, na hayo mawili yamekataa kuachana, basi nayaandika pamoja.

Dada yangu Vero alikuwa anafanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na rangi aliyoichagua ilikuwa zambarau. Sasa zambarau katika ukoo wetu ni jambo zito. Kwenye harusi ya binamu yetu pia walisema zambarau, wakaja watu na zambarau ya biringanya, na zambarau ya kitunguu, na shangazi mmoja akaja na kitu ambacho kwa kweli kilikuwa pinki, akaapa mbele ya kamera kwamba muuzaji alimwambia ni zambarau, na upande wa baba na upande wa mama wakanuniana muda mrefu kwa ajili ya picha moja. Kwa hiyo safari hii shangazi Spesioza, dada yake baba, akajiweka mwenyewe kuwa mwenyekiti wa kamati ya sare na akasema hataki kuona rangi mbili.

Vero yeye alikuwa na ombi moja tu. Mama mkubwa Nyanzala, dada yake mama anayekaa Igoma, ndiye aliyemlea Vero miaka yote ya sekondari, na Vero alitaka mama mkubwa ndiye amshike mkono kumwingiza ukumbini. Akasema wazi kwamba mama mkubwa asipokuwepo, na yeye haingii.

Mimi niliingiaje? Niliingia kwa mdomo, mimi ambaye darasani mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua nasema sijui ili nikae haraka. Niko kidato cha tatu, niko klabu ya kompyuta, na usiku mmoja tukiosha vyombo nilimwambia Vero kwamba picha ya simu ni nukta nyingi ndogondogo zinazoitwa pikseli, na kila nukta ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kwa hiyo unaweza kupima rangi moja iko mbali kiasi gani na nyingine, kama tunavyopima umbali wa nukta mbili kwenye grafu. Nilikuwa naongea tu. Vero akampelekea shangazi, shangazi akatangaza kwenye kundi la wasapu kwamba hakuna kukata kitambaa mpaka picha yake ipite kwa Kabula (Kabula ndiye mimi), ipigwe nje, mchana, kivulini. "Kompyuta haina undugu," aliandika.

Jumanne picha zikaanza kumwagika. Programu yangu nilikuwa nimeiandika kwa Python, na ilikuwa inapita nukta moja baada ya nyingine, kuanzia kona ya juu mpaka kona ya chini, kila nukta inatoa, inazidisha, inatafuta kipeuo cha pili, na picha moja ya simu ina nukta mamilioni. Kompyuta yenyewe ni ya zamani, niliachiwa na mjomba, feni yake inalia kama mashine ya kusaga. Niliweka picha ya kwanza, nikaenda kuchota maji, nikarudi, bado. Huku simu inaita. Kabula mwanangu, duka linafungwa. Kabula, muuzaji amechoka kunishikia kitambaa. Kabula, umelala?

Ndipo saa kumi na nusu nikajiuliza, kwa nini nipime nukta zote? Si niikunje picha nzima iwe nukta moja tu, wastani wa zote, halafu nilinganishe mara moja, basi? Nikaandika mistari miwili, na jibu likaja kabla sijakaa vizuri. Nilijiona nimemaliza shule. Nikaongeza na kingine (hapa ndipo ninapojishika kichwa), nikaifanya programu ichukue picha zenyewe kutoka kwenye folda na kuniandikia tu jina na asilimia ya kufanana na zambarau ya Vero, kwa hiyo sikuwa na haja hata ya kuzifungua. Jioni ile nilijibu watu wote, na kwa kweli majibu yalikuwa sahihi, kwa sababu vitambaa vyote vilikuwa vya rangi moja iliyotulia.

Isipokuwa cha mama mkubwa. Jibu la picha yake lilisema asilimia tisini na saba, nikamtumia: SAWA. Akaandika, "Mwanangu, una uhakika?" Na mimi, mtoto wa watu ambaye hajawahi kumbishia hata konda, nikamjibu, "Shikamoo mama mkubwa, kompyuta haikosei."

Jumamosi tulikuwa ukumbini Mkuyuni, ule ukumbi ulio juu kidogo, ambao ukisimama kwenye ngazi zake unaona uwanja mrefu unateremka mpaka getini na ziwa liko nyuma ya geti. Upande wa baba wote walikuwa zambarau moja tupu, kama wamechovywa kwenye ndoo moja, na shangazi Spesioza alikuwa anapita katikati yao akinishika bega na kusema huyu ndiye. Nilikuwa nimevimba kwa furaha. Halafu mlango ukafunguka, akaingia mama mkubwa na wanawake wake tisa kutoka Igoma, wote wamevaa drafti.

Drafti, ndiyo. Vijimraba vya nyekundu na bluu, nyekundu na bluu, vidogo kama punje za mchele, kuanzia kilemba mpaka pindo. Nilivyoona tu nikaelewa. Nyekundu ukiichanganya na bluu unapata nini? Mimi nilikuwa nimeichukua picha yake nikaikoroga, na wastani ukatoka zambarau safi kabisa ambayo kwenye kitambaa haikuwepo hata uzi mmoja.

Shangazi Spesioza alikwenda kuwapokea, akawatazama juu mpaka chini, akasema, "Dada Nyanzala, karibu. Hawa watoto wa chekechea umewatoa wapi?"

Mama mkubwa hakukasirika hapohapo. Alifungua mkoba, akatoa simu, akaeleza taratibu kwamba Igoma nzima zambarau ilikuwa imekwisha, muuzaji akampa hiki akisema kina asili ya zambarau, yeye mwenyewe akacheka, akapiga picha kwa kujaribu tu akijua kitakataliwa. "Sasa soma hapo, Spesioza. Muulize huyo wenu asiye na undugu."

Simu ikapita mkono kwa mkono. SAWA. Na chini yake, kompyuta haikosei. Watu wa upande wa baba wakaanza kusema kwamba Igoma wamefanya makusudi, watu wa upande wa mama wakaanza kuuliza makusudi yepi, na mshereheshaji, ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna ukimya, akachukua kipaza sauti akasema basi mtaalamu apite mbele tumsikie.

Sijui nilifikaje mbele. Najua tu kipaza sauti kilikuwa na joto la mkono wa mtu mwingine, na nikasikia sauti yangu inatoka ukutani. "Mama mkubwa hajakosea," nilisema. "Alifuata nilichomwambia. Picha yake niliikoroga mpaka nyekundu na bluu zikawa kitu kimoja, na kitambaa chenyewe sikukiangalia."

Baba mmoja nyuma akauliza, "Kwa hiyo ukiipa wali na maharage inakwambia nini?" na ukumbi mzima ukacheka, na mimi nusu nicheke nusu nilie. Lakini mama mkubwa alikisikia kile kicheko kama anachekwa yeye. Akasimama, akajifunga vizuri kilemba, akasema, "Tulikuja kumsindikiza mtoto, hatukuja kuchekwa," na wale tisa wakasimama naye, wakatoka mstari mmoja. Vero alikuwa chumba cha pembeni, amekwishapambwa, na mama yetu alirudi kutoka huko akiwa amebadilika uso. Vero alikuwa amevua viatu. Amekaa.

Nilitoka nikasimama kwenye ngazi. Sikuwa na mpango wowote, nilitaka tu kuwa mahali ambapo hakuna watu. Nikawaangalia wakiteremka ule uwanja kuelekea getini, migongo kumi, na kila hatua drafti ilikuwa inapungua. Vijimraba vikawa vijinukta, vijinukta vikawa kama vumbi, na walipofika karibu na geti nikafuta macho nikidhani ni machozi, nikaangalia tena. Walikuwa zambarau. Wote kumi. Jicho langu lilikuwa limefanya kilekile ilichofanya programu yangu.

Nikamvuta shangazi Spesioza mkono (sijawahi kumvuta mkono mtu mzima maishani), nikamleta ngazini, nikamwambia tu aangalie getini. Akaangalia. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena.

"Ni zambarau," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetapika pilipili, "Tena kuliko yetu."

Nikapiga kelele. Mimi. Uwanja mzima ukasikia: "Mama mkubwa, simameni hapohapo, msisogee!" Wakasimama kwa mshangao tu. Nikashuka mbio na viatu vya kuazima, shangazi nyuma yangu na magoti yake, na mpiga picha, ambaye nilimwomba kwa kuhema zaidi kuliko kwa maneno, akapanda jiwe lililo pembeni mwa ukumbi akapiga. Shangazi alipofika getini alimshika mama mkubwa mikono yote miwili akasema neno la chekechea amelirudisha, na amelirudisha mwenyewe, hakutumwa. Mama mkubwa alikuwa anamwangalia mpiga picha anayekuja na kamera yake.

Akaitazama ile picha ndogo kwa muda mrefu. "Hawa ni sisi?"

"Ni nyie, mama mkubwa."

"Basi watu wasitusogelee," akasema, na hapo ndipo alipocheka, na wale tisa wakacheka, na tukapanda wote kurudi ukumbini.

Vero aliingia ameshikwa mkono na drafti. Kwa karibu ilikuwa inapiga kelele kweli, siwezi kudanganya, na mshereheshaji hakuacha kuwaomba watu wawasalimie wa Igoma kwa mbali. Lakini ilipofika picha ya ukoo mpiga picha alipanda tena jiwe lake, na ile picha iko simuni mwangu sasa hivi, pande mbili, rangi moja, ziwa nyuma, na ukitaka kujua nani ni wa Igoma inabidi uivute karibu. Mama mkubwa alinipitisha meza kwa meza akisema, "Huyu ndiye aliyetukoroga. Ni wangu." Jina la Wastani nimelipata hapo, na naona halitatoka.

Asubuhi yake, Jumapili, kabla ya kanisa, nilirudi kwenye jiwe langu. Nikafuta ile mistari miwili. Sasa programu inachagua nukta mia chache zilizotawanyika picha nzima, inapima kila moja peke yake, na mbaya zikizidi inaacha palepale, haina haja ya kumaliza. Hata kipeuo cha pili nimekitoa, kwa sababu kama unataka tu kujua ipi iko mbali zaidi, kujua mraba wa umbali kunatosha. Inakimbia karibu kama ile ya mistari miwili, na feni hailii. Wastani sikuutupa. Nimeuacha unasubiri mwisho, ili nukta zikikataa halafu wastani ukakubali, kuwe na jibu la tatu.

Halafu nikaifungua picha ya mama mkubwa, nikaiangalia kwa macho yangu mpaka nikaona kila kijimraba. Nimejiapiza hivyo, sitamjibu tena mtu kuhusu kitambaa chake kabla sijakiona. Ndipo nikaipitisha kwenye programu, nikachukua simu, nikamtumia jibu lake upya: Shikamoo mama mkubwa. SAWA, UKISIMAMA MBALI.