Tembo Wangu Walioingia Kwenye Makande

Mimi shule niliikimbia darasa la pili. Ng'ombe nilionao nimewapata kwa jembe na kwa kuuza chumvi gulioni Kiabakari, wala sijutii. Siku mtaalamu wa ardhi alipokuja kijijini kwetu, huku upande wa Bunda, akachora kijiji kizima kwa majivu pale chini mbele ya ofisi, niliielewa ramani yake kabla ya waliosoma. Alikuwa amepitisha njia ya tembo juu ya njia yetu ya kupeleka ng'ombe ziwani. Mpango wa matumizi ya ardhi ukipita hivyo, ng'ombe wetu hawanywi maji.

"Tembo hawapiti hapo," nikamwambia. "Wanapita korongoni."

"Mzee, lazima tuwahesabu kwanza."

"Basi niandike na mimi."

Akaniandika kwenye kamati ya kuhesabu. Wenzangu walipewa fomu na kalamu. Mimi kalamu si chombo changu. Halafu kwetu mnyama aliye hai hatajwi kwa namba. Baba yangu alikuwaga hasemi ana ng'ombe wangapi, anasema tu nani hajarudi. Nikachukua maharage. Tembo mmoja, punje moja. Wa korongoni mfuko wa kulia wa koti, wa njia ya ng'ombe mfuko wa kushoto.

Wiki nzima, kila asubuhi, nilikaa juu ya jiwe kubwa ninapoona pande zote mbili. Nilifurahi kama bwana harusi. Mfuko wa kulia ulijaa mpaka koti likavuta bega. Wa kushoto ulibaki na tundu lake tu.

Siku moja kabla ya mkutano wa kusoma hesabu nikarudi kutoka kuoga, nikakuta koti limeanikwa kwenye uzio, linachuruzika maji.

"Mama, maharage yako wapi?"

"Yale ya mfukoni?" mke wangu akasema, mwiko mkononi. "Nimeyaongeza kwenye makande. Nikasema leo baba ameleta kitu nyumbani."

"Wale walikuwa tembo."

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Basi kaa uwale kabla hawajapoa."

Nikala. Makande yalikuwa matamu, sitadanganya.

Mkutanoni, mbele ya ramani ya majivu iliyochorwa upya, nikasimama nikasema ukweli, kwamba hesabu yangu imeliwa na nyumba nzima. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akajifunika uso kwa kofia. Jirani yangu, ambaye shamba lake tembo hawaliachi, akasema, "Afadhali wewe umelipiza."

Mtaalamu hakucheka. "Mzee, bila hesabu siwezi kuhamisha mstari."

"Namba sina. Wanyama ninao."

Nikaanza. Jike mwenye sikio lililochanika, na mtoto wake anayemshika mkia. Dume la pembe moja, linalojikuna kwenye mti uleule kila likipita. Mmoja anachechemea mguu wa nyuma. Nikawapitisha mmoja mmoja, siku kwa siku, kama ninavyowapitisha ng'ombe wangu mlangoni pa zizi. Mama mmoja wa kamati, aliyekuwa na zamu ya alasiri, alikuwa ananifuata kwenye fomu yake.

"Huyo ninaye," akasema. "Na wa pembe moja ninaye. Korongoni."

Kicheko kikaisha. Kila nikitaja mmoja, macho yote yanaenda kwa yule mama, naye anaitikia kwa kichwa.

Nilipomaliza, mtaalamu akachuchumaa, akafuta majivu kwa kiganja, akawapitisha tembo korongoni. Kisha akanipa kopo la majivu. "Njia ya ng'ombe ichore mwenyewe, mzee."

Nikaichora pana. Akasema nimezidisha. Nikamwambia ng'ombe wangu wanapendaga kutembea wakipiga soga. Hapo naye akacheka, na mkutano ukapitisha.

Kesho yake niliwapeleka ziwani mwenyewe, ingawa wa kuwatuma ninao. Nikaingia majini mpaka magotini, nikawatazama wanakunywa, mmoja baada ya mwingine, mpaka matumbo yakawa ngoma. Hakuna aliyekosekana.