Bahasha Zilizogeuzwa

Nyumbani kwangu hakitupwi kipande cha karatasi. Bili za maji, matangazo ya mbegu, kadi za harusi za watu waliokwisha kuachana, vyote vimo katika masanduku chini ya kitanda. Mke wangu ameniambia kuwa iko siku atachagua kati yangu na masanduku, na kwamba masanduku angalau hayakoromi. Wengine hudhani ni ubahili, wengine husema kusoma sana kumenivuruga. Siwabishii. Ni rahisi kuliko kueleza habari ya bahasha.

Wakati wa vita vikuu vya pili karatasi iliadimika Tabora. Duka la Mhindi pale Mtendeni lilianza kuuza bahasha moja moja, kisha likaacha kabisa. Hata chumvi ilitubidi tuifuate na vibakuli vyetu, maana hapakuwa na karatasi ya kuifungia. Shuleni mwalimu akatufundisha kugeuza bahasha: unaishika juu ya mvuke wa chungu mpaka gundi iachie, unaikunjua, unaigeuza ndani iwe nje, unaibandika upya. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, umri wa kujua kila kitu. Nikaenda kumfundisha mama.

Mama hakujua kusoma, lakini mikono yake ilijua kukunja, kwa kuwa alisuka mikeka na vikapu tangu utotoni. Bahasha zangu zilionekana kama zimekaliwa na mtu. Zake zilikuwa na pembe kali. Aliloweka utomvu wa mgunga, akaupaka kwa unyoya wa kuku. Alitengeneza bahasha kwa karatasi za sukari, na majalada ya madaftari kwa gome la mti alilolipondaponda na kulikausha chini ya jiwe la kusagia. Majirani wakawa wanakuja kuomba.

"Mama wee, hili gome lako litachipua majani kabla halijafika shuleni," jirani mmoja alimtania.

"Likichipua, mwalimu atapata kivuli," mama akajibu, akaendelea kupaka.

Kaka yangu, mtoto wake wa kwanza, alikuwa askari Burma. Baba alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo mtu wa kusoma barua na kuzijibu nilikuwa mimi. Kaka aliandika kwa penseli, upande mmoja tu wa karatasi, kwa herufi zilizolalia kushoto kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Nilimsomea mama mara ya kwanza kwa furaha. Mara ya pili pia. Lakini yeye hakuchoka. Nikirudi shule ananiambia, "Baba, nisomee tena ile ya mvua." Nikishika kitabu changu, "Nisomee kidogo tu, pale alipowasalimia ng'ombe."

Hapo ndipo nilipopata werevu wangu. Upande wa pili wa barua za kaka ulikuwa mweupe. Tulikuwa hatuna karatasi. Nikaanza kuandika majibu yetu nyuma ya barua zake, nikazitia katika bahasha zake mwenyewe zilizogeuzwa, nikazipeleka posta.

"Sasa barua yake je?" mama aliuliza mara ya kwanza.

"Tumekwisha kuisoma, mama."

Aliniangalia kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa shuleni. Akaiziba bahasha kwa utomvu, akaikandamiza kwa kiganja.

Mwalimu alinisifu mbele ya darasa kwa kutopoteza hata inchi moja ya karatasi. Sikumwambia, wala sikujiambia, faida niliyoipenda zaidi: mama akisema "nisomee ile ya mwezi uliopita", nilikuwa na jibu. "Ile imekwisha kwenda." Nikarudi kwenye kitabu changu.

Kaka alifurahi mno. Aliandika: "Mdogo wangu, nimefungua bahasha nikakuta mwandiko wangu umekaa ndani kama mgeni aliyetangulia. Nimeibandikia kipande cha karatasi juu na kuirudisha. Ikija tena huku mara ya tatu, nadhani itapata cheo kabla yangu." Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Na barua hiyo nayo nikaigeuza, nikaandika nyuma yake habari za mbuzi, nikaituma.

Kisha akaja tarishi wa Boma na karatasi mpya, nene, yenye mhuri. Nilimsomea mama mara moja. Hakuniomba nirudie.

Siku ya tatu baada ya matanga aliniita. Hakuwa akilia. "Nipe barua za kaka yako," akasema, "niziweke pamoja." Nilitafuta katika sanduku, chini ya mkeka, katikati ya vitabu vyangu, nikijua ninachofanya ni kupoteza muda. Ndani ya nyumba hapakuwa na neno moja la mkono wake. Tulikuwa tumemrudishia yote.

"Basi anazo mwenyewe," mama alisema hatimaye. "Zitakuja na vitu vyake."

Akakaa akatengeneza bahasha kubwa kuliko zote, kwa karatasi ya mfuko wa saruji iliyooshwa na kunyooshwa, mishono miwili ya uzi wa mkonge pembeni, mfuniko wa kufunga kwa kifungo cha mfupa. Ya kuwekea barua. Akaining'iniza ukutani juu ya kitanda chake.

Vita vilipokwisha, rafiki wa kaka, kijana wa kijiji cha Kigwa aliyekuwa naye kikosi kimoja, alishuka garimoshi Tabora akaja moja kwa moja kwetu na kifurushi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa."

Mama alifungua: mkanda, kikombe cha bati, wembe. Akapapasa mpaka chini. Akakigeuza kitambaa kilichofungia vitu, akakikung'uta.

"Na barua?"

Yule askari alinitazama mimi, kana kwamba anaomba nimsaidie. "Mama, alizitunza. Alizifunga kifuani, chini ya fulana. Lakini mvua ya kule si kama yetu. Gundi iliachia, zikagandana, zikawa uji. Alizianika juu ya mawe, hazikufunguka."

Mama akamshukuru, akaenda kumpikia.

Tangu hapo aliniomba nimsomee kwa kichwa. "Ile ya cheo." Nilianza vizuri, kisha nikakwama, nikatunga.

"Hakusema hivyo," mama alisema. "Alisema 'kama mgeni aliyetangulia'." Akaendelea mwenyewe, mstari kwa mstari, mpaka salamu za ng'ombe. Alizijua zote. Mimi niliyezisoma, nilikumbuka vichekesho viwili.

Mtu mwenye akili angechukua daftari saa ile ile. Karatasi ilikuwa imekwisha kurudi madukani. Nilikwenda chuo kikuu, nikajaza marundo ya madaftari kwa habari za wafalme wa watu wengine, na kila likizo nilijiambia kuwa likizo ijayo nitakaa na mama, aseme, niandike. Vichekesho vile viwili ndivyo mnavyovisoma hapa, na kimoja si changu, alinisahihisha. Mama alifariki mwaka wangu wa mwisho wa masomo. Nilifika Tabora wamekwisha kumzika.

Bahasha kubwa ninayo, imening'inia ukutani kwangu. Sijapata kitu cha kutia ndani yake, na kila nikitiacho naona kimekaa mahali pa mwingine, nakitoa. Mwaka jana mchwa walipanda ukutani wakaanza kula pembe moja. Nilikata sehemu iliyoliwa, nikaweka kiraka, nikakibandika kwa gundi ya dukani. Hakikushika vizuri.