Nusu Sauti kwa Mwalimu Kwizera

Watu wa Mount Druitt, kitongoji cha Sydney, wakitaka kumtania Siméon Habonimana humwuliza: "Wiki hii umekufa mara ngapi?" Maana kazi yake ndiyo hiyo, kufa jukwaani huku anaimba, tena kwa Kiitaliano. Sauti yake ni baritoni, ile ya katikati, nzito kuliko tenori lakini haijafika chini kwa besi. Na katika opera baritoni haoi, ng'o! Anayeoa ni tenori. Baritoni ni baba mkali, au adui, au mfalme aliyesalitiwa, na mara nyingi pazia likishuka yeye yuko sakafuni na kisu tumboni. Mama Chibalonza, Mkongomani wa kuuza vitenge, alipokwenda kumtazama mara ya kwanza alitoka analia. "Yaani wanakulipa ufe, na wewe unakubali?"

Zamani Siméon alikuwa akicheka utani huo. Siku hizi anainamisha kichwa. Sababu ninaijua, na sitampaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Alizaliwa kambini, kule Kasulu, kwa wazazi Warundi waliokimbia vita. Mwalimu wa kwaya pale kambini aliitwa Kwizera, mtu mfupi, mkali, asiyekosa chaki mfukoni. Siméon alipofika miaka kumi na minne sauti ikaanza kumkatika, wenzake wakamcheka, naye akaacha kuja mazoezini. Kwizera akamfuata mpaka kwao. "Sauti yako haijaharibika," akamwambia. "Inahama nyumba. Isubiri." Ilipotulia katika hiyo nyumba mpya, Mwalimu alitunga wimbo wa kuvuka mto, sauti mbili za kiume, na katika ubeti wa tatu akaweka noti moja ya juu kwa ajili ya koo la Siméon tu. Yeye mwenyewe aliimba sauti ya pili. Na kwaya ikilegea alipiga ubao kwa kiganja: "Sauti si unga wa mgao! Haipimwi kwa kopo! Toa yote, ya kesho Mungu atatoa."

Bahati ikawaleta wote wawili Sydney, Mwalimu na mkewe Gloriose kwanza, familia ya Siméon miaka miwili baadaye. Kijana akapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, kuogesha na kulisha, na alikuwa akitandika vitanda anaimba. Bibi mmoja pale alikuwa amefundisha piano maisha yake yote. Akamsikia, akaandika barua kwa watu anaowajua mjini, na Siméon akapata mahali pa kujifunza. Kila Jumamosi, mwaka mzima, Mwalimu Kwizera alipanda naye treni mpaka mjini kwa sababu kijana aliogopa kwenda peke yake. Aliketi nje ya mlango na chupa ya chai, akisikiliza mazoezi ya watu wasiojua hata jina lake. Huyo ndiye mtu ninayemzungumzia.

Siméon akapanda. Alianza na nyimbo za Kijerumani za mtu mmoja na piano, dakika tatu tatu, halafu akaingia kwaya ya opera, halafu vijisehemu: mtumishi wa kuleta barua, askari wa tatu. Alipofika miaka thelathini na saba alikuwa amejua sehemu kubwa kadhaa kwa moyo, akingoja tu mwenye nazo augue.

Sasa, waimbaji wa kazi hiyo wana desturi yao. Onyesho likikaribia, mazoezini huimba nusu sauti. Maneno ni yaleyale, wimbo uleule, lakini pumzi inabanwa, na noti za juu zinashushwa chini. Hakuna anayemgombeza mtu kwa hilo. Koo ndilo jembe lao, halilimishwi ovyo.

Mwezi wa tano, siku ya Alhamisi, mwenye sehemu ya baba akapoteza sauti. Siméon akaambiwa kwa simu: Jumamosi saa saba mchana ni wewe. Miaka kumi na tano aliingoja simu ile! Na Ijumaa asubuhi ikaja simu nyingine, ya Gloriose.

"Mwanangu, Mwalimu anakuuliza. Njoo umwimbie ule wa mto."

Alijua kwamba Mwalimu anaumwa saratani ya ini. Hakujua kwamba imefika huko. Alimkuta sebuleni kwenye kitanda cha hospitali, amebaki macho tu.

"Nasikia kesho unaimba baba," Mwalimu akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Baba mpole au mkali?"

"Mkali."

"Basi unaniimba mimi." Akacheka kidogo, kicheko kikamwuma. "Haya. Nipe wimbo wangu."

Elvire, binti yao, akainua simu arekodi. Siméon akafungua skafu shingoni, akaimba. Jamani, aliimba nusu sauti. Hakuamua, anasema mwenyewe, koo liliamua. Pumzi ikabanwa yenyewe kama mazoezini, na kichwani alikuwa akihesabu saa za kulala. Ubeti wa tatu ulipofika, ile noti aliyotungiwa yeye akaishusha chini, laini, kama mtu anayepita pembeni ya dimbwi asichafue viatu.

Mwalimu alikuwa amefumba macho. Akayafumbua, akamtazama kwa muda. "Asante, mwanangu. Nenda kapumzike. Kesho una kazi."

"Kaa kidogo, chai inachemka," Gloriose akamwambia mlangoni.

"Mama, nina haraka. Nitarudi Jumatatu, nitamwimbia vizuri."

Jumatatu! Unamwahidi mgonjwa Jumatatu kana kwamba umeiweka kabatini kwako.

Jumamosi alizima simu tangu asubuhi, hakusema neno na mtu, akanywa maji ya tangawizi, akaenda kuimba. Aliimba, lazima niseme haki, kama hajawahi kuimba. Watu walisimama. Akarudi chumbani jasho linamtiririka, akawasha simu, akakuta Elvire amepiga mara kumi na saba. Mwalimu alifariki saa nane na dakika ishirini. Siméon akapiga hesabu. Wakati huo alikuwa amepiga magoti jukwaani, akimlilia mtoto wa uongo kwa sauti nzima.

Wiki ya matanga alikwenda kila siku, akakaa karibu na mlango penye viatu. Hakuweza kumtazama Gloriose. Na watu, kumbe, hawakumwacha ajifiche. Ule wimbo uliorekodiwa ulikwisha kusambaa kwenye simu zote, umefika Kigoma, umefika Bujumbura. "Umemuaga vizuri mno," walimwambia, wakimshika mikono yote miwili. "Sauti laini iliyoje! Utafikiri unambembeleza mtoto." Siméon alijibu asante, asante, na kila asante ilimchoma. Wimbo ukichezwa, kabla ya ubeti wa tatu alitoka nje. Usiku alijiambia: Kopo. Nilimpimia kwa kopo. Mtu aliyenipandisha treni mwaka mzima.

Mazishi yakapangwa Ijumaa saa nne asubuhi. Jioni ile Siméon alikuwa na onyesho tena, maana yule mwimbaji mgonjwa hajapona, na wakubwa wa opera walimsihi asilichoshe koo lake. Pale kanisani Arakaza, kiongozi wa kwaya, akatangaza kwamba ndugu yetu Siméon ana kazi jioni, tusimchoshe, tutacheza ule wimbo wake aliomwimbia Mwalimu mwenyewe. Watu wakaitikia kwa vichwa. Arakaza akaunganisha simu yake na spika.

Hapo Siméon angeweza kukaa kimya. Njia ilikuwa imefagiliwa, na hakuna ambaye angejua. Akainuka, akaenda safu ya mbele, akapiga magoti mbele ya Gloriose.

"Mama, usiwaache waicheze ile rekodi."

"Kwa nini? Unajua alifanya nini ulipoondoka?" Gloriose alisema polepole, macho yake kwenye jeneza. "Alimwambia Elvire airudishe. Akaimba ile sauti ya pili pamoja nawe, kwa ile pumzi yake ya mwisho mwisho, mpaka akamaliza beti zote. Akaniambia, 'Umemsikia kijana? Ameimba chini chini ili anipe nafasi.'"

Siméon akaona neema ile imefunguliwa mbele yake kama mlango. Angesema tu, ndiyo Mama, ndivyo. Angekaa dakika kumi za chai siku ile, wangeimba pamoja, si mzee na simu! Akashindwa kuivumilia neema hiyo.

"Mama, sikumpa nafasi. Nilijiwekea akiba ya kesho yake. Ile ni nusu sauti. Hata noti yake niliishusha."

Gloriose akamgeukia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

"Najua," akasema. "Na yeye alijua. Mtu aliyekufundisha kuvuta pumzi utamficha nini? Alisema vile ili nisikukasirikie. Nami nimekukasirikia hivyo hivyo. Haya, simama. Mwambie Arakaza azime simu yake."

Arakaza akaizima. Siméon akasimama kando ya jeneza, akaanza wimbo wa mto kwa sauti nzima, bila kubana pumzi, na kati ya mistari akanyamaza kila mahali sauti ya pili ilipotakiwa kuingia. Kwenye ubeti wa tatu aliipandia ile noti, sauti ikapasuka mbele ya watu wote, akaendelea kuimba hivyo hivyo.